Uliza Mwalimu wa Karakana: Tairi lililozaliwa kabla ya baiskeli

Toleo lililopita nilitaja jina la Robert William Thomson kwa mstari mmoja tu, kwamba ndiye aliyebuni tairi la upepo, nikidhani nitapita. Hamkuniacha nipite. Barua zilizokuja ni nyingi kuliko nafasi niliyonayo, kwa hiyo leo nimeweka kando maswali ya pampu na ya kuchomelea, tuzungumze juu ya mtu huyu mpaka tumalizane naye.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi baiskeli Muheza, kijiwe changu kipo jirani na stendi. Kijana mmoja wa chuo alinisomea safu yako huku nikimzibia pancha, akafika pale ulipoandika kwamba tairi la upepo lilibuniwa na Mskoti aitwaye Thomson. Nikamwambia Mwalimu amekosea, tairi la upepo ni la Dunlop toka enzi za babu zetu. Tumebishana mpaka tumewekeana kreti la soda. Tafadhali tuamue. Na kama ni Thomson kweli, tueleze hilo tairi lake lilikuwaje, maana sielewi mtu angetengenezaje tairi la upepo wakati baiskeli hazikuwepo. — Fundi, Muheza

Marahaba, fundi mwenzangu. Soda ni za kijana.

Wala sikulaumu. Nimefundisha karakana miaka 28, na kwa miaka zaidi ya 20 kati ya hiyo niliwaambia wanafunzi wangu hivyo hivyo unavyosema wewe. Nilikulia kwenye matairi. Marehemu baba alikuwa fundi baiskeli Ngamiani, Tanga, na nilipokuwa na miaka minane kazi yangu ilikuwa kushika tyubu ndani ya karai la maji na kuizungusha taratibu mpaka mapovu yatoke. "Hapo hapo, usiachie kidole!" Baba anakausha kwa kanga kuukuu, anasugua kwa msasa, anapaka solusheni, anasubiri ikauke kidogo, anabandika kiraka, anakigonga kwa mpini wa nyundo. Mbigili za Tanga ndizo zilizotusomesha. Siku zile ungeniuliza nani alibuni tairi, ningekusomea jina lililoandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe, na ningekuwa na uhakika kama wewe.

Sasa tuziangalie tarehe. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alipata hataza yake ya tairi la upepo mwaka 1888. Hataza ni ile hati ya serikali inayomlinda mbunifu, ili kwa muda fulani mtu mwingine asitengeneze kitu chake bila ruhusa. Robert William Thomson alipewa hataza yake London tarehe 10 Desemba 1845. Hiyo ni miaka 43 kabla. Mwaka 1846 akaipata Ufaransa, na 1847 Marekani. Siku aliyopewa ile ya kwanza alikuwa na umri wa miaka 23.

Aliyaita "magurudumu ya hewa". Nitakueleza yalivyokuwa polepole, maana wewe utaona kwa macho ya kazi yako kitu ambacho wasomaji wengine hawatakiona.

Anza na rimu ya mbao ya gari la farasi. Ndani palikuwa na tyubu, lakini si tyubu unayoijua wewe. Ilikuwa turubai, tabaka juu ya tabaka, lililoloweshwa mpira ulioyeyushwa hadi likawa halipitishi hewa. Juu ya tyubu hiyo kulikuwa na ganda la ngozi nene, vipande vilivyounganishwa kwa ribiti, na ganda hilo likafungwa kwenye rimu kwa bolti kuizunguka yote. Halafu palikuwa na tundu lenye kifuniko cha kuzungusha, pa kuingizia hewa kwa pampu. Kwa hiyo kila kitu tunachokijua leo kipo: tyubu ndani, tairi nje, pampu, na upepo unaobeba mzigo. Kilichobadilika baadaye ni vitu vya kutengenezea na njia ya kufunga.

Wazo lenyewe lilikuwa hili. Gurudumu lenye pete ya chuma likikutana na jiwe, halina la kufanya ila kulipanda. Gurudumu likipanda, gari zima linapanda, na farasi ndiye anayelipa. Springi zilikuwepo tayari, lakini springi zinamstarehesha abiria tu. Gurudumu lenyewe bado linapanda kila jiwe. Tairi lenye hewa halipandi jiwe, linalimeza. Jiwe linazama kidogo kwenye tairi, ekseli inapita juu kwa usawa wake, safari inaendelea. Thomson aliona kwamba upepo unaweza kumpunguzia farasi kazi, na hilo ndilo lililomshughulisha zaidi kuliko starehe ya bwana aliyekaa ndani.

Mwaka 1847 magari yenye magurudumu yake yalionyeshwa Regent's Park, London. Watu waliyapima pia kwa kipimo cha nguvu ya kuvuta. Kwenye barabara nzuri iliyoshindiliwa nguvu ilipungua kwa zaidi ya theluthi, na kwenye mawe mapya yaliyopondwa, ambayo hayajakanyagwa, ilishuka hadi kama theluthi moja tu ya ile iliyohitajika kwa magurudumu ya kawaida. Soma sentensi hiyo tena, fundi. Na kumbuka kwamba jiji zima lilikuwa likipiga kelele mchana kutwa, pete za chuma juu ya mawe. Walioona gari la Thomson likipita walishangaa zaidi kwa kile ambacho hawakukisikia: kwato tu, gurudumu kimya.

Yalidumu? Seti moja ilitembea maili 1,200, karibu kilomita 1,900, na bado ilikuwa nzima.

Basi kwa nini yakapotea? Sababu ya kwanza ni mpira wenyewe. Njia ya kuupika mpira pamoja na salfa ili usilainike juani wala kupasuka kwenye baridi ilikuwa changa mno. Hataza ya Thomas Hancock kwa kazi hiyo Uingereza ni ya 1843, yaani miaka miwili tu kabla ya Thomson. Mpira mwembamba ulio imara, kama huu wa tyubu unazozitupa wewe pembeni ya kijiwe zikichoka, haukupatikana, na bei ilikuwa ya kutisha. Sababu ya pili utaielewa kuliko mtu yeyote: fikiria uzibe pancha kwa kufungua bolti zinazozunguka rimu nzima, uondoe ganda la ngozi lenye ribiti, ufikie turubai ndani, halafu urudishe yote. Mteja angelala hapo stendi. Ya tatu ni hiyo uliyoiuliza mwenyewe. Chombo chake hakikuwepo. Baiskeli ya magurudumu mawili sawa yenye mnyororo, babu wa hizi unazozitengeneza, ilitoka Coventry kwa John Kemp Starley mwaka 1885. Magari ya petroli yakaja miaka hiyo hiyo. Mwaka 1845 kulikuwa na gari la farasi tu, na tajiri mwenye gari la farasi hakuwa na haja ya kumwonea huruma farasi kwa bei ile. Thomson mwenyewe aliyaacha.

Dunlop hakuiba. Hili nalisisitiza kwa sababu barua tatu zimemwita mwizi. Alikuwa na mtoto wa kiume aliyeendesha baiskeli ya magurudumu matatu kwenye barabara mbaya za Belfast, akamtengenezea kitu cha kumpunguzia mtikisiko, bila habari yoyote kwamba Mskoti mwenzake (maana Dunlop naye alizaliwa Uskoti) alishalifanya hilo zamani. Mei 1889 mwendesha baiskeli aitwaye Willie Hume akashinda mashindano Belfast akiwa juu ya matairi hayo, na kampuni ikaanzishwa. Mwaka uliofuata wakajulishwa kwamba hataza ya Dunlop haisimami. Si kwamba familia ya Thomson ilikuwa bado na haki, kwani hataza za siku zile zilidumu miaka 14 na yake ilikwisha 1859. Ni kwamba kitu kikishaandikwa mara moja hakiwezi kuandikwa tena kama kipya. Kampuni ilinusurika kwa kushika hataza nyingine, za watu wengine: ya valvu, na ya tairi lenye waya pembeni linalovuliwa na kuvikwa bila kubanduliwa gundi. Kila ukichomeka bisibisi mbili ukalivua tairi kwenye rimu, kazi hiyo ilirahisishwa miaka ile, baada ya 1890. Hiyo kwa kweli ndiyo iliyokosekana kwa Thomson.

Soda mnywe pamoja.

Mwalimu, habari za kazi. Nina mtoto wa kiume wa miaka 13. Shule haimkai kabisa, hasa masomo ya kukariri, lakini hakuna redio wala feni ya jirani ambayo hajaifungua na kuifunga. Baba yake anasema ni mtundu tu. Nimesikia huyo Thomson hakusoma. Je, ni kweli? — Mama wa mtundu, Kigoma

Mama, nakusalimu. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote.

Thomson alizaliwa tarehe 29 Juni 1822 Stonehaven, mji mdogo wa bandari pwani ya mashariki ya Uskoti, mtoto wa 11 kati ya 12. Baba yake alikuwa na kiwanda cha sufu. Wazazi walitaka awe mchungaji wa kanisa, na uchungaji ulidai Kilatini. Kilatini kikamshinda. Basi akiwa na miaka 14 akapelekwa ng'ambo, Charleston huko Marekani, kwa mjomba, akajifunze biashara. Huko nako hakukaa. Baada ya miaka miwili alikuwa amerudi nyumbani. Hebu fikiria maneno ya majirani katika mji mdogo kama ule: kanisa limemshinda, duka limemshinda.

Kilichofuata ndicho ninachotaka ukisome kwa sauti mbele ya baba yake. Alijifundisha mwenyewe kemia, umeme na elimu ya nyota. Na hesabu alifundishwa na mfumaji wa nguo wa pale pale mjini, mtu wa kawaida aliyekaa kwenye kitanda chake cha mfumi na ambaye alizijua hesabu vizuri. Baba yake naye, badala ya kumsema, alimpa chumba cha karakana. Hayo mawili, mfumaji na chumba, ndiyo yaliyomfanya Thomson.

Kitu alichokitengeneza akiwa na miaka 17 kinanigusa kuliko hata tairi. Mama yake alikuwa na mashine ya kukamulia nguo zilizofuliwa: magogo mawili, unaingiza shuka mbichi upande huu, unazungusha mkono, linatokea upande wa pili limekamuka. Umeshamwona muuza juisi ya miwa: anapitisha muwa, anaukunja, anazunguka kuuchukua ng'ambo, anaurudisha tena mwanzo, na mkono wake hautulii. Mama yake Thomson alikuwa akifanya hivyo hivyo kwa mashuka ya nyumba yenye watoto 12. Kijana akaifungua mashine ile akaisuka upya ili nguo ipite kwa kwenda na kwa kurudi, huku na huku, bila mama kuzunguka. Kitu cha kwanza kinachojulikana kutoka mikononi mwake kilimpunguzia mama yake kazi. Miaka ile ile akatengeneza msumeno wa utepe, na mfano mdogo uliofanya kazi wa injini ya mvuke inayozunguka badala ya kwenda mbele na nyuma.

Hapo hakuishia nyumbani. Alikwenda kufunzwa kazi kwa mafundi Aberdeen na Dundee, kisha akaajiriwa na wahandisi Glasgow na Edinburgh. Alipokuwa kwenye kazi ya kubomoa sehemu ya ngome ya kale ya Dunbar, aliona hatari waliyokuwa nayo watu wa baruti: unawasha utambi, unakimbia, na ukichelewa au utambi ukikudanganya umekwisha. Akabuni njia ya kulipua baruti kwa umeme, mtu akiwa amesimama mbali. Michael Faraday, ambaye kwa mambo ya umeme hakuwa na mpinzani Uingereza, alimtia moyo. Akapata kazi ya kulipua miamba karibu na Dover, ambako njia ya reli ilikuwa inapita kwenye magenge ya chokaa, na baadaye akafanya kazi chini ya Robert Stephenson, mtu mkubwa wa reli.

Kwa hiyo jibu langu: si kweli kwamba hakusoma. Kilichomshinda ni Kilatini. Hesabu hakuzikwepa, alizitafuta hata kwa mfumaji. Usimtoe mtoto shuleni, mama. Ila mtafutie "mfumaji" wake hapo Kigoma. Kuna fundi wa injini za boti pale ziwani anayejua kwa nini injini inafanya vile inavyofanya, si kufungua na kufunga tu. Mpeleke kwake siku za Jumamosi, na umwombe fundi amfundishe kwa hesabu. Na uniandikie tena, nataka kujua imekuwaje.

Mwalimu, natokea Lubumbashi. Mababu zetu katika nchi hii walikatwa mikono kwa sababu ya mpira wa Leopold, mfalme wa Ubelgiji, na mpira ule ulikwenda kwenye matairi. Wewe unamsifu mtu wa matairi. Nataka ulijibu hilo pia. — Msomaji wenu wa Congo

Ndugu yangu, umesema kweli, na sitalizunguka.

Thomson alifariki 1873. Wakati huo Leopold II alikuwa bado hajaishika nchi yenu. Dola lake liliwekwa 1885. Magurudumu ya hewa ya Thomson yalikuwa machache mno kuamsha biashara yoyote ya mpira. Lakini tairi la Dunlop liliamsha. Baada ya 1888 Ulaya na Marekani zilishikwa na wazimu wa baiskeli, kisha magari, na mpira ukatakiwa kila mahali kwa haraka. Mashamba ya mpira ya Asia yalikuwa bado machanga. Mti wa mpira hauzai kwa siku moja. Uliokuwepo tayari ni mpira wa porini, na msitu wa Congo ulijaa mitambaa yake, yaani mimea itambaayo yenye utomvu wa mpira. Ndipo vijiji vikawekewa kiasi cha kilo za kuleta, wanawake wakashikwa mateka hadi waume warudi na mpira, na askari wakatakiwa kuonyesha mikono kama hesabu ya risasi walizotumia.

Kuna picha iliyopigwa 1904 na mmisionari Alice Seeley Harris huko Baringa. Mtu anaitwa Nsala, amekaa kibarazani, anatazama mbele ya miguu yake. Alichokuwa anakitazama ni mkono na mguu wa binti yake mdogo. Hicho ndicho alichokuwa nacho cha kuzika. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwaonyesha wanafunzi wangu picha hiyo kabla ya kuwafundisha somo la mpira, na wako waliolalamika kwamba si somo la karakana. Kwangu ni la karakana. Fundi anayeshika kitu anapaswa kujua kimetoka wapi.

Walioifichua biashara hiyo ni wengi, ila mmoja aliigundua kwa kusoma vitabu vya hesabu na kutazama meli tu. Edmund Morel alikuwa karani wa kampuni ya meli ya Liverpool. Akiwa bandarini Antwerp aliona meli zinazotoka Congo zimejaa mpira na pembe za ndovu, na zinazokwenda Congo zimebeba bunduki na risasi, bila bidhaa za kuulipia mpira ule. Akaelewa kwamba watu hawalipwi. Ripoti ya 1904 ya Roger Casement, konseli wa Uingereza huko Congo, ikathibitisha, na mwaka 1908 Leopold akalazimika kuliachia dola lile.

Hata upande wetu huu mpira wa mitambaa ulikusanywa porini na kusafirishwa kupitia bandari za kusini, na Wajerumani walipanda miti ya mpira Tanga na Usambara, biashara iliyoanguka 1913. Nilipokuwa mtoto, wazee wa Muheza walikuwa bado wanatuonyesha miti ile.

Ninamsifu Thomson kwa wazo lake, na yaliyowapata watu wa Congo siwezi kuyasahau kwa ajili ya sifa hiyo. Umefanya vizuri kuandika.

Mwalimu, je, alipata utajiri? Na ni kweli alitengeneza trekta? — Mombasa

Trekta ni kweli, na hapo kuna habari tamu.

Baada ya magurudumu ya hewa kukwama alibuni kalamu ya kujijaza wino, hataza ya 1849, na mwaka 1852 akaenda Java kuhudumia mashine za viwanda vya sukari. Nikiisoma habari hiyo hukumbuka magogo ya mama yake, kwani kinu cha miwa ni mashine ile ile kwa ukubwa wa nyumba. Huko akabuni winchi ya mvuke inayoweza kuhamishwa. Afya ikaanza kumwangusha, na 1862 alirudi Uskoti, akakaa Edinburgh.

Mwaka 1867 akarudi kwenye gurudumu, safari hii bila hewa. Injini za mvuke za barabarani za wakati ule zilikuwa na magurudumu ya chuma. Yaliharibu barabara, na kwenye mteremko wenye utelezi yalizunguka pale pale. Thomson aliyavika pete ya mpira mzito, unene kama sentimita 12, usio na tundu ndani. Jambo lililowachanganya wahandisi ni kwamba pete hiyo hakuigundisha kwenye rimu. Ilikaa kwa kubana tu, na juu yake kukawa na mnyororo wa bamba za chuma kuilinda isikatwe na mawe. Watu walisema mpira utakatika siku moja. Haukukatika. Hiyo ndiyo trekta uliyoiuliza: mashine ya tani chache ilivuta mabehewa ya makaa ya mawe kwenye kilima cha Edinburgh ambako magurudumu ya chuma yalishindwa, tena bila kuichimba barabara.

Mashine hizo zilifika mbali, Java na India. Ofisa kijana wa jeshi, Rookes Crompton, alizitaka kwa ajili ya kubebea mizigo na abiria kwenye barabara kuu za India badala ya mikokoteni ya ng'ombe. Mwaka 1871 alikuja Uingereza kuzijaribu, na moja iliyopewa jina la mto wa Punjab, Ravee, aliiendesha kutoka Ipswich hadi Edinburgh na kurudi. Thomson wakati huo alikuwa mgonjwa kiasi kwamba mwili haukumtii, na aliendelea kuchora na kuelekeza akiwa amelala.

Alikufa Edinburgh tarehe 8 Machi 1873, hajatimiza miaka 51. Mtu wa kufilisika hakuwa. Mashine zake zilitengenezwa na viwanda kadhaa kwa ruhusa yake. Mkewe Clara aliachwa na watoto, na mwaka 1875 akaolewa na John Fletcher Moulton, mwanahesabu ambaye baadaye alipata jina kubwa kama wakili wa kesi za hataza.

Je, kuna kumbukumbu yoyote yake? — Mwanafunzi, Morogoro

Ipo. Mwaka 1922, zilipotimia karne moja tangu azaliwe, kibao cha shaba kiliwekwa kwenye nyumba alikozaliwa, uwanja wa soko wa Stonehaven. Kaburi lake liko Edinburgh, makaburi ya Dean. Na huko Stonehaven, mwezi wa Juni, wenye magari ya kale hukusanyika kwa heshima yake, na kila gari linafika likiwa juu ya matairi ya upepo.

Fundi wa Muheza, maswali yako mengine mawili, la valvu nyembamba na la tyubu zinazovujia shingoni, nimeyaweka kwa toleo lijalo. Ukiweza niletee tyubu moja iliyovujia hapo kabla hujaitupa. Nataka kuikata niione kwa ndani.